Fedha Zilizopotelea Dirishani

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutumiwa sana kuwakemea wenye maduka wazembe, na kwa kawaida mazungumzo huishia hapo. Mimi huiona kuwa ni methali ya historia. Aliyeitunga alikwisha kuliona daftari, na alikwisha kuiona mali ikiisha. Nyongeza yangu ni ndogo tu: pasipo na daftari, habari za namna nyingine huwa hazikosekani. Fedha zikipotea na maandishi yasiwepo, watu hawakai kimya wakingoja, bali humtafuta mtu. Aliye rahisi kumpata kuliko wote ni yule aliyezipokea kwa mkono wake: karani wa mizani, mtunza fedha wa chama, au keshia wa benki aliyeketi nyuma ya dirisha la nondo.

Nimeishi miaka zaidi ya 70 katika wilaya hii ya Mbinga, na miaka 38 ya umri huo nimekuwa mwalimu, sehemu kubwa nikiwa mwalimu mkuu wa shule za msingi. Mwalimu wa kijijini, ndugu msomaji, hafundishi darasani tu. Huletewa barua azisome, huletewa stakabadhi azifafanue, na huletewa lawama kabla ya mwenyekiti wa kijiji. Lawama nyingi nilizoletewa zilihusu fedha ambazo mtu aliamini alizitoa au alistahili kuzipata, kisha zisionekane.

Karatasi ya kwanza ya fedha ambayo wazee wetu waliitunza kwa hofu haikutoka benki. Ilikuwa stakabadhi ya kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza walipoitwaa nchi waliiendeleza. Asiyeweza kuonyesha stakabadhi aliweza kudaiwa mara ya pili, hata kama kila jirani alimwona akilipa. Babu yangu aliziweka zake ndani ya kipande cha mwanzi kilichoning'inia juu ya jiko, zikawa za rangi ya chai kwa moshi. Hakujua kusoma hata neno moja lililoandikwa humo. Alijua tu kwamba neno la jirani halikubaliki bomani na kwamba karatasi inakubalika. Nadhani hilo ndilo somo la kwanza la uhasibu lililofika katika milima ya Umatengo, nalo lilifika kwa njia ya vitisho.

Somo la pili lilikuja na kahawa. Zao hili lilianza kushika katika milima yetu miaka ya 1920, likapandwa kwenye miteremko ile ile ambayo Wamatengo walikuwa wakiilima kwa ngoro tangu zamani. Mwaka 1936 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ambacho mwanzoni kilishughulikia zaidi tumbaku ya upande wa Songea. Kuanzia hapo mkulima alikutana na watu wawili ambao baba yake hakuwajua, yaani karani anayesoma mizani na karani anayehesabu fedha. Wote wawili walijua jambo ambalo yeye hakulijua. Alipoona mshale wa mizani ukitikisika na karani akaandika tarakimu kabla haujatulia, alirudi nyumbani na kinyongo ambacho hakuwa na namna ya kukithibitisha wala ya kukiondoa.

Kahawa ina jambo moja linaloifanya iwe shamba zuri la shuku. Kwa miaka mingi mkulima hakulipwa bei yake yote siku ya kupeleka mzigo. Kahawa ilipelekwa Moshi ikauzwe mnadani, na kabla ya mnada hakuna aliyejua itapata kiasi gani. Kwa hiyo mkulima alipewa malipo ya awali, akaambiwa asubiri malipo ya pili, na mwaka ukiwa mzuri malipo ya mwisho. Hebu fikiri maana yake. Mtu aliye Litembo au Maguu alikuwa anawakopesha watu asiowajua, kwa muda asioujua, kiasi asichokijua. Malipo ya pili yalipofika, yalikuwa yamekwisha kukatwa mbolea, dawa, usafiri na ushuru. Yalipochelewa au yalipofika yakiwa madogo kuliko ya jirani, aliyeulizwa hakuwa mnunuzi wa mnadani wala ofisa wa bodi. Aliulizwa kijana wa chama cha msingi aliyeketi mezani na kisanduku chake cha bati, kwa sababu huyo ndiye aliyeonekana.

Serikali yenyewe iliona tatizo mapema. Mwaka 1966 Rais aliunda Kamati Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, baada ya malalamiko kuenea nchi nzima. Wengi walitarajia kamati ile irudi na orodha ya wezi. Wizi na uzembe ilivikuta kweli. Hata hivyo, katika kasoro kuu ilizozitaja ilikuwemo hii, kwamba wanachama hawakujua chama chao kinaendeshwaje. Upungufu wa watumishi wenye ujuzi na kuingiliwa na wanasiasa vilitajwa pia. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alipenda kutuuliza: ikiwa mwanachama hajui hesabu ya chama chake, mwizi anamwibia nini ambacho atagundua kimekosekana? Swali hilo sijalisahau.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Benki ambayo awali ilikuwa kitu cha mijini, cha Wazungu na Wahindi wenye maduka, ikaanza kusogezwa wilayani. Kabla ya hapo watu wa kwetu waliokuwa na akiba waliiweka posta, au walimwachia padre misheni, au waliifukia. Usicheke, msomaji. Fedha iliyofukiwa huliwa na mchwa, lakini mchwa hashukiwi na mtu.

Jambo moja husahaulika kuhusu keshia wa miaka ile. Kwa kuwa benki ilikuwa mali ya umma, naye alikuwa mtumishi wa umma. Tangu mwaka 1963 nchi yetu ilikuwa imetunga sheria ya adhabu zisizopungua kiwango fulani kwa makosa kama wizi wa watumishi wa umma na rushwa: kifungo cha miaka 2 kwa uchache na viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Sheria hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Nataja viboko ili ieleweke kwamba neno «mwizi» likirushwa kupitia dirisha la benki halikuwa neno la mzaha. Lingeweza kumtoa mtu ngozi.

Sasa niseme wazi kwamba makeshia wezi wamekuwapo, nami sitaki kuonekana ninawatetea. Njia zao hazikuwa za kichawi. Iliyokuwa rahisi kuliko zote ilikuwa ile ya kitabu cha akiba. Mtu asiyejua kusoma anakuja na shilingi zake, keshia anazipokea, anamwandikia kitabuni vizuri kabisa na kugonga muhuri, ila kwenye leja ya benki haingizi kitu. Mwenye kitabu anarudi nyumbani na furaha. Miezi 6 baadaye anakuja kutoa na kuambiwa salio lake ni dogo. Njia ya pili ilikuwa ya kufunika shimo la jana kwa udongo wa leo. Keshia anachukua fedha za Juma, kesho yake anaingiza za Asha kwenye jina la Juma, keshokutwa anaingiza za Petro kwenye jina la Asha. Mchezo huo unaweza kwenda muda mrefu, mradi keshia asiugue wala asiende likizo. Ndiyo maana benki zenye busara humlazimisha mtumishi wa fedha achukue likizo yake atake asitake. Ukimwona keshia ambaye miaka 5 hajawahi kupumzika hata siku moja, usiwe mwepesi wa kumsifu.

Watu wengi hudhani kwamba keshia akiiba, droo yake jioni itapungua. Haiwi hivyo. Jioni keshia hulinganisha fedha zilizomo na hati alizoziingiza. Akiwa amepokea fedha bila kuingiza hati na amezitia mfukoni, droo itakuwa sawasawa. Akiwa amepokea, akazitunza vizuri, lakini hati yake ikaingizwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, droo itakuwa sawasawa vilevile. Mwizi na mwaminifu wanafunga hesabu zao kwa tabasamu lile lile. Kinachoweza kuwatenganisha ni kile kipande cha karatasi kilichobaki kwa mteja, pamoja na mwenzake aliyefungwa kwenye bunda la siku hiyo huko benki.

Nimelijua hilo kwa macho. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ilikwisha kufutwa, watoto wakamiminika, na kwa mara ya kwanza shule za vijijini zikatakiwa kuwa na akaunti zao benki, zikisimamiwa na kamati ya shule na mwalimu mkuu. Fedha za ruzuku zilikadiriwa kwa dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ingawa zilifika kwa vipande na bila kupiga hodi. Ilikuwa kawaida mwalimu mkuu kwenda benki na kukuta salio limeongezeka pasipo yeyote kumwambia ni kwa ajili gani.

Msimu wa mwaka uliofuata kamati yetu iliuza kahawa ya shamba la shule, ikaongeza michango ya wazazi, ikapata shilingi 480,000 za bati. Tulikuwa na madarasa mawili yenye kuta na yasiyo na paa, na mvua za Umatengo hazimngojei mtu. Mwenyekiti wa kamati na mwalimu mmoja walizipeleka tawi la benki moja. Benki hiyo sitaitaja, wala mji ulimokuwa. Wiki 3 baadaye tulikwenda kutoa ili tumlipe mwenye bati. Tukaambiwa salio halitoshi. Binti aliyekuwa dirishani alitazama, akatazama tena, akasema kwa upole, «Mwalimu, shikamoo, lakini fedha hizi hazipo.»

Huyo binti ndiye aliyezipokea. Mwenyekiti alimkumbuka vizuri kwa sababu alikuwa mtoto wa kijiji cha jirani, na siku ile walisalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Kumfahamu huko ndiko kulikomponza. Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa na jina lake mdomoni. Ilikumbukwa kwamba mwaka ule ule alimjengea mama yake nyumba. Ikasemwa, na maneno haya yalichekesha na kuumiza kwa pamoja, kwamba bati zetu ziko juu ya kichwa cha mama yake.

Kamati ilikutana chini ya mwembe. Wengi walitaka barua iandikwe polisi, ikimtaja binti kwa jina, na niiandike mimi kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi, alisimama akasema yeye mwenyewe aliitwa mwizi wa malipo ya pili kwa miaka 2, mpaka ikaja kujulikana kuwa hundi ilikuwa imekaa kwenye ofisi nyingine. «Tangu hapo,» alisema, «wako watu ambao sijala tena chakula chao.» Walimsikiliza kwa heshima. Kisha wakarudi kwenye habari za bati.

Niliomba hati ya kuwekea fedha. Mwenyekiti alikuwa ameikunja ndani ya kitabu chake cha sala, na namshukuru Mungu kwa tabia hiyo. Ilikuwa na tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, muhuri, sahihi fupi ya aliyepokea, na namba ya akaunti yetu bila kosa. Basi barua niliyoiandika ilikwenda kwa meneja wa tawi, ikawa na mistari isiyozidi 10. Ilieleza kwamba tarehe fulani tuliweka shilingi 480,000 kwa hati namba fulani, na nakala yake imeambatishwa. Kwamba taarifa ya akaunti yetu haizionyeshi. Na kwamba tunaomba bunda la hati za siku hiyo lifunguliwe, tujibiwe kwa maandishi fedha hizo ziliingizwa wapi. Jina la mtu halikuwemo. Baadhi ya wajumbe walinung'unika kwamba nilikuwa namficha. Niliwajibu kuwa tukimtaja binti, benki itatujibu kuhusu binti. Sisi tulitaka ijibu kuhusu fedha.

Hatukujibiwa haraka. Mara 2 mwenyekiti na mimi tulipanda gari la mizigo hadi mjini, tukaambiwa tusubiri. Mara ya pili tulikuta dirisha la binti lina mtu mwingine. Amesimamishwa, tuliambiwa, uchunguzi upite. Siku ya 19 ndipo jibu lilipokuja. Fedha zilikuwa zimeingizwa kwenye akaunti ya shule nyingine, kata nyingine kabisa. Namba za akaunti zetu zilitofautiana tarakimu 2 tu zilizopishana nafasi, kama 37 na 73. Aliyezipishanisha hakuwa binti wa dirishani. Yeye alipokea, akahesabu, akagonga muhuri. Aliyeingiza namba alikuwa karani wa chumba cha nyuma, ambaye hakuna mwanakijiji aliyewahi kumwona na kwa hiyo hakuna aliyemshuku.

Sehemu ya mkasa inayonifurahisha hata leo ni ile ya shule ya pili. Wenzetu wale walipoona salio limevimba walidhani ni ruzuku ya MMEM imefika kimyakimya kama kawaida yake, wakafanya kikao, wakaandika muhtasari safi, wakanunua madawati. Nani angewalaumu? Benki ilitulipa sisi fedha zetu zote, nao wakabaki kupatana na benki. Watoto wao walikalia kahawa yetu, nami sikuona ubaya.

Tabia hii ya tarakimu kupishana nimewahi kuifundisha darasa la 7 kama mchezo. Chukua namba yoyote, badilisha nafasi za tarakimu 2 zilizo jirani, kisha toa ndogo kwenye kubwa. Tofauti itagawanyika kwa 9 daima. Elfu 86 ikiandikwa elfu 68, tofauti ni 18,000, na 18,000 kwa 9 ni 2,000 kamili. Wahasibu wa zamani, kabla ya mashine, walipokuta hesabu imepungua walianza kwa kuigawa kwa 9 kabla ya kumtazama mtu usoni. Tofauti ikigawanyika, walirudi kwenye vitabu kutafuta tarakimu zilizopishana. Kipimo hiki hakithibitishi kitu, lakini humpa mtu pa kuanzia.

Binti alirudishwa kazini, ila katika tawi la mbali, nje ya wilaya. Bati zilipigwa, mvua ikaja ikakuta paa. Hakuna mjumbe wa kamati aliyekwenda kwa mama yake. Miaka kadhaa baadaye nilisikia wanawake kisimani wakimtaja kama «yule wa bati», na wala hawakuwa na chuki. Lilikuwa limekuwa jina lake tu. Jibu la benki lilikuja kwa maandishi, nami nililisoma kwa sauti mbele ya mkutano wa wazazi. Lakini uvumi ulikuwa na wiki 3 za kutembea, na jibu langu lilikuwa na dakika 5.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya vijijini, kwamba katika nchi zilizoendelea mashine zimemaliza shuku. Basi na tutazame Uingereza. Huko posta za mitaa huendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, nazo hulipa pensheni na kupokea fedha kama benki ndogo. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta liliwafungia programu ya kompyuta ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mara jioni hesabu zikaanza kupungua, hapa paundi mia kadhaa, pale maelfu. Mkataba ulimtaka mwenye posta afidie upungufu. Waliofidia walimaliza akiba zao, walioshindwa walishtakiwa. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi au kughushi hesabu, wengi wao wakiwa wameshtakiwa na Shirika la Posta lenyewe. Wamo waliofungwa, waliofilisika na waliohama miji yao kwa aibu.

Fedha nyingi kati ya hizo hazikuwahi kupotea, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Upungufu ulitengenezwa na kasoro za programu. Mmoja wa walioharibiwa maisha, Alan Bates, alikataa kunyamaza. Yeye na wenzake, jumla 555, wakafungua kesi, na Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za posta kwa mbali. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja, na Mei 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta zilizobaki kwa pamoja. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Nilipokuwa nikizisoma habari hizi nilimkumbuka karani wetu wa chumba cha nyuma. Huko Uingereza chumba cha nyuma kilikuwa mashine, na mashine haina mama wa kujengewa nyumba, kwa hiyo shuku haikupata pa kushika.

Na mahali shuku isiposhika ndipo fedha kubwa hupita. Sisi Watanzania tuliona wakati wa Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, pale Benki Kuu. Ukaguzi ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22, na Januari 2008 Rais akatengua uteuzi wa Gavana. Fedha zile hazikuhesabiwa dirishani noti kwa noti. Zilipita kwa nyaraka zilizofanana na za kweli, zenye mihuri na sahihi. Ninaiheshimu karatasi, kama msomaji alivyokwisha kuona, ila siiabudu. Karatasi hufaa pale ambapo kuna mwenzake wa kulinganisha nayo, na mtu wa kuwalinganisha.

Nyumbani hapa Mbinga tulipata funzo jingine. Baada ya soko la kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na bei kupanda ghafla mwaka 1994 kwa sababu ya baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil, fedha taslimu zilimwagika milimani kuliko wakati wowote niliopata kuuona. Kisha bei ikashuka, na chama kikuu chetu, MBICU, kikalemewa na madeni na kusambaratika. Watu wakatamani chombo chao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanzishwa Mbinga Community Bank, benki ya hapa hapa, na waliokaa madirishani walikuwa watoto wa hapa hapa. Wengine nimewafundisha kuandika.

Tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu iliifungia, ikieleza kuwa haikuwa na mtaji wala ukwasi wa kutosha kwa mujibu wa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Mwenye amana alikuwa na bima ya kiasi kisichozidi shilingi 1,500,000, na ziada ingengoja kuuzwa kwa mali za benki na kukusanywa madeni yake. Januari 2018 benki nyingine 5 nchini zikafungiwa. Wapo majirani zangu waliokwenda mjini wakakuta tangazo mlangoni. Neno la kwanza lililosemwa, nawaambieni kweli, lilikuwa: «Wale vijana wamekula.»

Ilinichukua jioni nyingi barazani kueleza mtaji ni nini. Niliwaambia benki haikai na fedha zako kwenye mtungi wenye jina lako, huzikopesha. Mkopaji asiporudisha, na wakopaji wetu ni wakulima wa zao lile lile moja linaloanguka bei siku moja kwa wote, basi keshia anaweza kuwa mwaminifu kama malaika na bado droo ikawa tupu. Mama mmoja mjane, aliyekuwa na shilingi laki 4 na kitabu chake safi, aliniuliza kama inabidi aende kumwona yule kijana nyumbani kwao. Nilimwambia aende kwa watu wa bima ya amana na kitabu na kitambulisho, na kijana amwache. Alikuwa amekosa kazi siku ile ile mama alipokosa akiba.

Siku hizi dirisha limehamia kibandani. Kuanzia mwaka 2008 fedha za simu zimeenea, na sasa kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ziwani huwezi kutembea mbali bila kuona mwavuli wa wakala. Mambo ni mepesi, na kahawa inaweza kulipwa mkulima akiwa bado yuko shambani. Malalamiko nayo yamehamia huko huko. Juzi jirani yangu alikuja akiwa na hasira, akisema wakala amemla shilingi 60,000, kwamba alitoa fedha taslimu zitumwe kwa mwanawe Songea na mwanawe hakupata. Jina la wakala alilitaja mara 3 kabla hajaketi. Nilimkaribisha chai, nikamwomba simu yake tuusome ule ujumbe wenye namba ya muamala. Aliitoa, akabonyeza muda mrefu, kisha akanitazama.

«Nimeufuta, Mwalimu,» alisema. «Simu ilikuwa imejaa.»

Nikamwambia namba ile haikufutika yote. Upo upande wa pili wa karatasi, kwa wakala na kwenye kampuni. Tulichukua kalamu, tukaandika tarehe, saa, kiasi, na namba ya mwanawe kama alivyoikariri. Alipomaliza kuitaja nilimwomba airudie. Mara ya pili aliitaja tofauti.